Milango Iliyofungwa: Shule za Teolojia na Maisha ya Jumuiya Wakati wa Janga

Tarehe 4 Machi 2020 serikali ya Italia iliamuru shule na vyuo vikuu vyote vya nchi hiyo visimamishe masomo ya darasani kuanzia siku iliyofuata. Vyuo vikuu vya kipapa mjini Roma vilifuata amri hiyo. Gregoriana, chuo kilichochipuka kutoka katika ile shule ndogo ya bure iliyofunguliwa na Mtakatifu Inyasi wa Loyola mwaka 1551, kilifunga madarasa yake. Urbaniana, chuo kilicho juu ya kilima cha Gianicolo, ambako mapadri, watawa na waseminari wengi kutoka Afrika husoma, Wakongomani wakiwemo, kilifanya vivyo hivyo. Siku tano baadaye nchi nzima ilitiwa karantini. Maprofesa wakaketi mbele ya kompyuta vyumbani mwao, wanafunzi wakafungua zao, wengine ghorofa moja juu, wengine bara jingine kabisa, na masomo yakaendelea.

Wapenzi vijana, habari za siku zile mara nyingi husimuliwa kama habari za masomo: namna walimu walivyojifunza kwa haraka kutumia mtandao, namna mitihani ilivyofanyika, namna vyeti vilivyopatikana. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Somo la historia ya mitaguso laweza kusikika vizuri kupitia simu, na pengine mwanafunzi asiyethubutu kuuliza swali mbele ya watu mia moja aliweza kuliandika kwa utulivu. Sehemu nzito ni ile nyingine. Shule ya teolojia ina mambo mengi yasiyomo katika ratiba ya masomo, nayo ndiyo humfanya mtu, miaka thelathini baadaye, aitaje shule yake kwa upendo: Misa ya kufungua mwaka, masifu ya jioni, mafungo, sikukuu ya msimamizi, chakula cha pamoja, wimbo wa kumwaga anayerudi nyumbani, mazishi ya mwalimu mzee. Je, na mambo haya yaweza kupita katika waya?

Ili tuone uzito wa swali hilo, inatupasa kukumbuka shule hizi zilitoka wapi. Mtaguso wa Trento, katika kikao chake cha 23, tarehe 15 Julai 1563, uliagiza kila jimbo liwe na nyumba ya kuwalea vijana wanaotaka kuwa mapadri. Nyumba hiyo iliitwa kwa neno la Kilatini lenye maana ya kitalu, mahali pa kuoteshea miche. Yeyote aliyewahi kulima anaelewa picha hiyo. Miche kitaluni hukaa karibu karibu, hupata kivuli kimoja, hunyweshwa kwa mtungi mmoja, ndipo ihamishwe shambani kila mmoja mahali pake. Mababa wa Trento hawakutaka kijana afundishwe tu. Walitaka akae, ale, asali na aonywe pamoja na wenzake. Na mwongozo wa malezi ya mapadri uliotolewa na Kanisa tarehe 8 Desemba 2016 unarudia jambo lile lile kwa maneno ya leo: malezi ni ya namna moja, ni kamili, ni ya kijumuiya na ni ya kimisionari. Miaka mitatu na miezi mitatu baada ya neno hilo la kijumuiya kuandikwa, jumuiya ilikatazwa kukutana.

Chukueni mfano mmoja, ule wa kutetea tasnifu ya udaktari. Katika vyuo vya Roma hilo ni tendo la hadhara. Mtahiniwa huketi mbele ya maprofesa, ukumbi umejaa ndugu, marafiki na watawa wenzake. Hueleza kazi yake, huulizwa, hujibu. Kisha maprofesa hutoka kushauriana, na ukumbi mzima hubaki ukinong'ona. Anapotangazwa daktari, Waafrika hawawezi kunyamaza: vigelegele hupigwa, wimbo huanzishwa, watu hukumbatiana, picha hupigwa ngazini. Katika mwaka ule tendo hili lilihamia kwenye skrini. Maprofesa walionekana kila mmoja ndani ya kijidirisha chake. Furaha ilikuwapo, lakini vigelegele hupotea mtandaoni, kwa maana sauti mbili haziwezi kupanda pamoja bila moja kuizima nyingine. Hapo hapo, hata hivyo, lilitokea jambo ambalo ukumbi wa Roma haukuwahi kulitoa. Mama aliyeko Bukavu au Kananga, ambaye asingeweza kamwe kulipa nauli ya ndege wala kupata viza, aliweza kuuona uso wa mwanawe akijibu maswali ya wakubwa wa elimu, mradi tu umeme usikatike. Sidhani ni haki kuliita jambo hilo kitu kidogo.

Kanisa halikuanza mwaka 2020 kufikiri juu ya jumuiya isiyoweza kukutana. Katikati ya karne ya 3, Aleksandria ya Misri ilikuwa na shule ya katekesi iliyosifika kuliko zote za wakati wake. Orijene alifundisha hapo, na baada yake Herakla. Kisha akaja Dionisi, mwanafunzi wa Orijene, aliyeiongoza shule hiyo kabla ya kuwa askofu wa mji mnamo mwaka 247. Alikuwa basi mwalimu wa teolojia kabla ya kuwa mchungaji, na hali zote zilizomkuta zilikuwa za kutawanya watu: dhuluma ya makaisari, vita vya wenyewe kwa wenyewe ndani ya mji, njaa, kisha tauni. Eusebi wa Kaisaria ametuhifadhia sehemu za barua zake katika kitabu cha 7 cha Historia ya Kanisa. Katika mojawapo Dionisi anaeleza kwamba mji umegawanyika vibaya mno hata inamlazimu kuzungumza na waamini wake mwenyewe kwa barua, kana kwamba yuko ugenini. Kuvuka kutoka mashariki hadi magharibi ya dunia, asema, ni rahisi kuliko kutoka mtaa mmoja wa Aleksandria kwenda mwingine.

Ndugu zetu wa mashariki ya Kongo, ambako mara nyingi kijiji cha pili ni mbali kuliko Ulaya kwa sababu ya vita, watamwelewa Dionisi bila maelezo.

Askofu huyo alikuwa na desturi ya kuandika barua kila mwaka kwa ajili ya Pasaka. Ndiyo iliyokuwa njia yake ya kuiweka sikukuu moja katika nyumba nyingi. Katika barua aliyoiandika wakati wa tauni, anakumbusha kwamba hata walipofukuzwa na kuteswa hawakuacha kuadhimisha: kila mahali pa mateso yao, shambani, jangwani, merikebuni, katika nyumba ya wageni, gerezani, paligeuka kuwa mahali pa sikukuu. Lakini barua hiyo haiishii hapo. Sehemu yake ndefu inawahusu mapadri, mashemasi na walei waliokwenda kuwahudumia wagonjwa kwa mikono yao, wakawafumba macho waliokufa, wakawaosha na kuwazika, na wengi wao wakafa kwa ugonjwa ule ule. Mwalimu wa zamani wa shule ya Aleksandria hakuchanganya vitu viwili. Barua ilifanya kazi yake. Kazi ya mikono haikuhamishiwa katika barua.

Mfano wa pili uko Milano, miaka elfu moja na mia tatu hivi baadaye. Mtakatifu Karoli Boromeo alikuwa miongoni mwa maaskofu wa kwanza kutii agizo la Trento; seminari ya Milano ilianzishwa mwaka 1564. Tauni ilipoingia mjini mwaka 1576, gavana na wakuu wengi walikimbia, yeye akabaki. Mwishoni mwa Oktoba watu waliamriwa kukaa ndani ya nyumba zao, na makanisa hayakuweza tena kuwakusanya. Karoli akaagiza altare zijengwe nje, kwenye njia panda, ili watu waifuate Misa wakiwa madirishani. Kengele zililia mara saba mchana na usiku. Kila zilipolia, mapadri barabarani walianza litania au zaburi, na nyumba zilizofungwa zikaitikia kutoka madirishani, upande huu na upande ule. Mapadri walipita mlango kwa mlango wakisikiliza maungamo. Hadi leo Milano ina misalaba ya njia panda inayokumbusha altare zile.

Mara nyingi watu husema kwamba Misa ya dirishani ndiyo babu wa Misa ya kwenye simu. Kuna ukweli hapo, ila tusiufanye mkubwa mno. Mtu wa Milano aliyeegemea dirisha lake alimwona padri wa kweli kwa macho yake, alisikia sauti ya jirani wa nyumba ya pili ikiitikia, na jirani huyo alisikia yake. Umbali ulikuwa wa hatua kadhaa. Aliyetazama Misa peke yake katika simu mwaka 2020 aliweza kumsikia padri aliye ng'ambo ya bahari, lakini padri hakumsikia yeye, wala jirani hakujua kwamba anasali. Kwa hiyo jambo ambalo Karoli alilihifadhi kwanza, yaani kuitikiana, ndilo lililopotea kwanza katika zama zetu. Na waseminari wengi waliolazimika kusali masifu kupitia mtandao waligundua haraka kwamba zaburi, ambayo kwa asili yake ina pande mbili zinazopokezana, haikubali kuchelewa hata kwa sekunde moja. Ikawabidi msomaji mmoja asome na wengine wazime sauti zao.

Vyombo vya mawasiliano vyenyewe Kanisa lilivizoea tangu zamani. Redio Vatikano ilianza tarehe 12 Februari 1931, ikiwa imejengwa na Marconi mwenyewe kwa ombi la Papa Pio wa 11. Misa ya usiku wa Noeli ya mwaka 1948 ilirushwa kwa televisheni kutoka Notre-Dame ya Paris. Kwa muda wa miaka sabini hivi matangazo hayo yalihesabiwa kuwa ya wagonjwa, wazee na wafungwa. Mwaka 2020 kila mtu aligeuka mgonjwa kwa namna fulani.

Misa za waamini zilisimamishwa nchini Italia tarehe 8 Machi. Kesho yake Baba Mtakatifu Fransisko alianza kurusha moja kwa moja Misa yake ya kila asubuhi kutoka kikanisa cha Santa Marta. Tarehe 15 Machi alitembea kwa miguu katika barabara tupu ya Corso hadi kanisa la San Marcello, kusali mbele ya msalaba wa kale ulionusurika katika moto wa mwaka 1519 na kuandamanishwa mjini wakati wa tauni ya mwaka 1522. Siku kumi na mbili baadaye, tarehe 27 Machi, msalaba ule ule ulisimama chini ya mvua katika uwanja wa Mtakatifu Petro usio na mtu. Wengi wenu mlikuwa wadogo, lakini huenda mliiona picha hiyo. Mwaka 1522 msalaba uliwaendea watu mitaa kwa mitaa kwa siku kumi na sita. Mwaka 2020 ulikaa mahali pamoja na watu waliuendea kwa macho.

Ni Papa huyo huyo aliyetoa onyo. Katika mahubiri yake ya tarehe 17 Aprili 2020, huko huko Santa Marta, mbele ya kamera, alieleza kwamba kuna hatari ya kuwa na ukaribu na Mungu usio na Kanisa, usio na watu, usio na sakramenti. Alikumbusha kwamba kilichokuwa kikiendelea kilikuwa Kanisa likiwa katika hali ngumu, wala hicho sicho Kanisa linachokitazamia. Naliona jambo hilo kuwa la ujasiri: mtu aliyekuwa akitazamwa na mamilioni kila asubuhi anawaambia watazamaji wake kwamba kutazama hakutoshi. Na alitenda alivyosema. Misa za hadhara ziliporuhusiwa tena nchini Italia, tarehe 18 Mei, matangazo ya kila siku kutoka Santa Marta yalikoma, ingawa wengi walisikitika.

Kwetu Kongo mambo yalikwenda kwa njia yake. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa mjini Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Tarehe 18 Machi Rais wa Jamhuri alitangaza kufungwa kwa shule, vyuo vikuu na ibada zote za hadhara. Tarehe 24 Machi hali ya hatari ikatangazwa. Makanisa yalifunguliwa tena tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria. Hapa lazima tuwe wakweli: habari ya vyuo vya teolojia kuhamia mtandaoni ni zaidi habari ya Roma, ya Marekani, ya miji mikubwa. Mwanafunzi aliyerudishwa nyumbani kijijini, ambako mega za siku moja zagharimu kama chakula cha familia na simu hupelekwa kwa jirani ili ijazwe moto, hakuwa na mahali pa kuhamia. Kwake shule haikwenda mtandaoni, ilinyamaza tu. Redio ndiyo iliyobaki mlangoni pa watu, na katika nyumba nyingi redio moja ya betri iliwakusanya baba, mama, watoto na jirani kuzunguka Injili ya Dominika. Mkusanyiko huo mdogo ulikuwa jumuiya zaidi kuliko skrini thelathini za watu waliozima kamera zao.

Tena baadhi yetu walikuwa wameyajua haya kabla ya dunia. Kutoka tarehe 1 Agosti 2018 hadi tarehe 25 Juni 2020 ugonjwa wa Ebola ulikuwa Kivu ya Kaskazini na Ituri, na watu 2,287 walikufa. Vijana wa Beni na Butembo walikuwa wamekwisha kuzoea ndoo ya maji yenye dawa mlangoni pa kanisa na amani ya Kristo isiyo na kupeana mikono, wakati Ulaya ilikuwa bado haijasikia neno karantini. Ningependa siku moja shule zetu za teolojia ziandike historia hiyo kwa kirefu, kwani ni elimu iliyonunuliwa kwa bei kubwa, na wengi wa waliokuwa na elimu hiyo hawakuulizwa na mtu.

Na kama ni shule kunyimwa nyumba yake, nchi yetu ina kumbukumbu nyingine isiyo ya ugonjwa. Kitivo cha teolojia kilianzishwa Lovanium mwaka 1957, na tangu mwaka 1964 kiliandaa juma la teolojia lililowakutanisha wasomi na wachungaji. Mwaka 1974 serikali ya Mobutu ilikitoa kitivo hicho katika chuo kikuu cha taifa. Hakikufa. Kilijipanga upya chini ya maaskofu, na ndicho shina la Chuo Kikuu Katoliki cha Kongo cha leo. Walimu na wanafunzi wa wakati ule walikuwa wamepoteza cheo na mahali, lakini walibaki pamoja. Wa mwaka 2020 walibaki na cheo na mahali, wakapoteza kuwa pamoja, na sijui kwa nini hasara hii ya pili huhesabiwa kuwa ndogo.

Sasa nifike kwenye jambo linalotugusa karibu zaidi. Tarehe 1 Desemba 2019, miezi mitatu tu kabla ya milango ya Roma kufungwa, Papa Fransisko aliadhimisha Misa katika Basilika ya Mtakatifu Petro pamoja na Wakongomani waishio Roma na Italia, kwa kutimiza miaka 25 ya huduma ya kichungaji kwa jumuiya yao. Misa hiyo ilifuata Misale ya Kirumi kwa ajili ya majimbo ya Zaire, ile iliyoidhinishwa na Vatikano tarehe 30 Aprili 1988. Siku hiyo ni pia kumbukumbu ya Mwenyeheri Anuarite, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964. Ninyi mnaoimba katika kwaya na kucheza mbele ya altare mnaijua Misa hiyo. Watakatifu na wahenga wenye moyo mnyofu huitwa mwanzoni. Watu huketi kusikiliza Injili, kama wanavyoketi mbele ya mkubwa anaposema neno zito. Toba hufuata Neno, na baada ya toba ndipo amani hupeanwa. Mwili mzima husali, mikono, miguu, sauti. Ni Misa inayohitaji miili mingi mahali pamoja.

Mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe 1 Desemba 2020, kitabu juu ya Papa Fransisko na Misale hiyo kilizinduliwa. Kilisimamiwa na Sista Rita Mboshu Kongo, mwanateolojia Mkongomani anayefahamika Urbaniana. Papa mwenyewe alishiriki kwa ujumbe wa video, akiisifu Misale ya Zaire kuwa njia yenye matumaini hata kwa watu wa Amazonia wanaotafuta liturujia yenye sura yao. Tazameni hali hiyo ilivyokuwa ya ajabu: liturujia ya kucheza na kushikana ilisifiwa kwa njia ya picha iliyorekodiwa, katika majira ambayo hakuna aliyeweza kucheza wala kumshika mwenzake. Lakini maneno yale yalifika mbali. Katekista wa Kasai aliyepata simu aliyasikia siku ile ile aliyoyasikia profesa wa Roma, na si baada ya miaka miwili kupitia gazeti lililochakaa. Waswahili husema fimbo ya mbali haiui nyoka. Kweli. Ila mwanga wa mbali waweza kumwonyesha mtu nyoka alipo, na aliye karibu akatafuta fimbo yake mwenyewe.

Viongozi wa Kanisa walijaribu kupima mambo haya mawili bila kuyachanganya. Kardinali Robert Sarah, mwana wa Guinea, aliyekuwa akiongoza idara ya Liturujia, aliwaandikia maaskofu barua yenye tarehe 15 Agosti 2020, siku ile ile makanisa yetu yalipofunguliwa. Alishukuru kwa matangazo yaliyowasaidia wagonjwa na waliofungiwa, kisha akasema wazi kwamba hakuna tangazo linaloweza kulingana na kushiriki mwenyewe wala kuchukua nafasi yake. Tarehe 13 Mei 2021 idara inayosimamia elimu katoliki ikatoa maagizo juu ya kufundisha kwa mbali katika vyuo na vitivo vya Kanisa. Maagizo hayo yanakubali kwamba mtandao umekuja kukaa: mtu aliye mbali, mgonjwa, au anayefanya kazi aweza kusoma sehemu ya masomo yake kwa njia hiyo. Sehemu, wala si yote. Kukaa pamoja kunabaki kuwa msingi. Walei hasa wapaswa kuyasoma maagizo hayo kwa makini, kwa sababu mlango huo ulipofunguliwa haukufunguliwa kwa waseminari peke yao. Mama wa familia wa Goma anayetaka kusoma Maandiko, mwalimu wa shule ya msingi wa Kalemie, kijana wa Kiro au Xaveri mwenye kiu ya elimu: hawa hawakuwahi kuwa na nafasi katika kitalu cha Trento. Kwao mtandao haukuondoa jumuiya yoyote, maana shule ya teolojia haikuwa imewakaribisha bado. Ndiyo maana siwezi kuafikiana na wale wanaotaka mambo yote yarudi kama yalivyokuwa Februari 2020.

Wanateolojia wa Afrika waliutumia mlango huo. Mtandao wa kikatoliki wa teolojia na uchungaji barani Afrika ulikuwa umefanya mkutano wake Enugu, Nigeria, Desemba 2019, watu wakiwa ukumbini. Baadaye, wakati safari zilipokuwa ngumu, ulianzisha mazungumzo ya mtandaoni kwa mfano wa baraza la wazee chini ya mti, kabla ya kukutana tena uso kwa uso Nairobi mwezi Julai 2022. Tarehe 1 Novemba 2022 mtandao huo ulimwalika Papa Fransisko azungumze na wanafunzi wa vyuo vikuu wa nchi kadhaa za Afrika kwa njia ya video. Wanafunzi waliuliza bila woga, yeye akajibu. Kabla ya mwaka 2020 nani angefikiri kumwomba Papa jambo kama hilo?

Miezi mitatu baadaye alikuja mwenyewe. Safari yake ya Kongo ilikuwa imepangwa kwa Julai 2022 ikaahirishwa kwa sababu ya goti lake. Tarehe 2 Februari 2023 aliingia katika uwanja wa Mashujaa wa Kinshasa, uliojaa vijana na makatekista. Aliwaambia waitazame mikono yao, kisha akahesabu vidole: dole gumba ni sala, kidole cha pili ni jumuiya, halafu uaminifu, msamaha na huduma. Alipofika kwenye kidole cha jumuiya alisimama kidogo, akawaomba kila mmoja amshike mkono aliye karibu naye. Uwanja mzima ukashikana mikono, katika mji ambao miaka mitatu kabla yake watu walikuwa wakisalimiana kwa viwiko.